Nyumba nyeupe ya Mangamba: kisa cha mtindo wa Nordiki ulipofika Mtwara

Nyumba ninayoichambua iko Mangamba, pale mji wa Mtwara unapoachana na barabara iendayo Mikindani. Ina vyumba vinne, tofali za saruji, bati la rangi, na uso wake umeelekea magharibi kwa kuwa mtaa uko upande huo. Wanaishi humo mume, mke, watoto watatu na mama mzazi wa mume, ambaye kila aingiaye humwita Bibi. Mume ana mikorosho Tandahimba, mke ni muuguzi. Majina siyataji.

Fedha ya korosho ilipoingia, mke akasema safari hii haiendi kununua shamba jingine wala pikipiki, inabaki ndani ya nyumba. Kwa muda mrefu alikuwa anakusanya kwenye simu picha za nyumba za mtindo wa Nordiki, wa nchi za kaskazini mwa Ulaya kama Uswidi, Denmaki na Ufini: kuta nyeupe, sakafu ya mbao iliyopauka, kochi la kijivu, dirisha pana lisilo na pazia, zulia la manyoya, chungu kimoja cha maua pembeni, basi. Alivyonieleza, kilichomvuta ni ule utupu. Anatoka zamu ya usiku kichwa kimejaa, anafika nyumbani anakuta shokesi la vikombe, vitambaa vya kochi, kalenda za miaka iliyopita ukutani na mapazia ya tabaka mbili yenye vishada. Alitaka mahali pa kupumzisha macho. Nalitaja hili mapema kwa sababu haja yake ilikuwa ya haki, na hadi kazi inaisha sikuona cha kuibishia. Walipokosea ni kwenye vitu walivyovinunua ili kuitimiza.

Awamu ya kwanza waliifanya wenyewe, na fundi wa mtaani pamoja na duka moja la mapambo la Dar es Salaam lililowashauri kwa simu. Kuta zote za ndani zilipigwa skimu zikapakwa rangi nyeupe tupu yenye mng'ao. Sakafu ikapata marumaru meupe ya kung'aa, sentimita 60 kwa 60. Dirisha la sebuleni likapanuliwa, likawekwa aluminiamu ya kusukuma na vioo vitupu, likitazama magharibi moja kwa moja. Makabati ya jikoni na meza ya televisheni yakaletwa kwa lori, ya MDF, yaani ubao wa nyuzi za mti zilizoshindiliwa kwa gundi, iliyobandikwa karatasi yenye sura ya mbao nyeupe. Likaja kochi la kijivu, likaja zulia jeupe la manyoya marefu, zikafungwa taa za dari zenye mwanga mkali. Shokesi likauzwa. Kitanda cha kamba cha Bibi kikapelekwa stoo.

Mimi niliitwa baada ya mvua kubwa kupita, na nilichoulizwa ni bei ya pazia.

Kila mtu na lake

Katika nyumba yenye watu sita, mtu akiuliza pazia mara nyingi ana jambo jingine, kwa hiyo niliomba kuzungumza nao mmoja mmoja.

Mke alisema sebule haikaliki kuanzia saa 9 alasiri. Macho yanauma, televisheni haionekani, kochi linachoma, na watoto wamehamia kibaraza cha nyuma pamoja na madaftari yao. Yaani chumba kilichomeza fedha nyingi kuliko vyote ndicho kisichotumika mchana. Mume alilalamikia marumaru. Udongo wa huku ni mchanga mwekundu, na kila mguu unaovuka kizingiti unaacha muhuri. Msichana wa kazi anapiga deki asubuhi, anarudia adhuhuri, na jioni sakafu inaonekana haijaguswa. Zulia lilianza kunuka tangu mvua za Januari. Kabati la chini ya sinki limevimba na karatasi yake inabanduka. Watoto walikuwa na lalamiko moja tu, kwamba siku hizi kila kitu ni marufuku.

Bibi alisubiri mkwewe atoke kwanza. "Mkwe wangu ni mtu mwema, simsemi vibaya," akaanza, kisha akamsema. "Lakini ametoka wodini, akaja na wodi yake. Mimi nikijilaza pale mchana na lile shuka jeupe, wapita njia wataulizia nazikwa saa ngapi." Nilipolipeleka neno hilo kwa mkwe mwenyewe alicheka mpaka akashika ukuta, na siku ya pili mashuka yalikuwa yamebadilishwa. Ukuta ulibaki, maana ukuta haubadiliki kwa siku moja.

Mchana wao haufanani na wetu

Mtindo huu umetoka kwenye nchi zinazohesabu mwanga kama sisi tunavyohesabu maji mwezi wa Oktoba. Helsinki iko karibu digrii 60 kaskazini ya ikweta. Mwishoni mwa Desemba mchana wake haufiki saa 6, na jua la adhuhuri linainuka kama digrii 6 tu juu ya upeo wa macho. Mwanga unaoingia ndani ni mchache, umelala, na unaondoka mapema. Mtu wa huko akipaka ukuta mweupe, akaacha dirisha wazi, akachagua mbao zilizopauka, ana hesabu yake: mwanga mdogo alioupata anataka urukeruke kutoka ukuta hadi ukuta kabla haujapotea. Weupe ule ni kifaa cha kazi. Ndiyo maana madirisha makubwa ya huko huelekezwa kusini, kulifuata jua linakopita.

Mtwara iko digrii 10 kusini ya ikweta. Mchana mfupi kuliko yote, wa mwezi Juni, hauteremki chini ya saa 11 na nusu. Jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mwezi Februari na mwezi Oktoba, na hata Juni linapokuwa limesogea kaskazini, saa ya adhuhuri liko juu kwa digrii 56 hivi. Hakuna siku ambayo mtu wa Mangamba ana sababu ya kulitafuta. Sasa chukua chumba kilichoundwa kukusanya mwanga, kiweke kwenye jua hilo, kifungulie dirisha pana upande wa magharibi. Jua la alasiri linaingia chini ya upenu, linapiga marumaru yanayong'aa, linapanda ukutani uliopakwa rangi inayong'aa, linakwenda machoni mwa mtu aliyekaa. Chumba kinafanya kazi yake kikamilifu. Kazi yenyewe ndiyo haitakiwi hapa.

Kabla ya kutaja bei ya chochote niliomba kanga mbili za Bibi, tukazitundika kwa nje ya dirisha, siyo ndani, saa 10 alasiri. Ndani pakatulia papo hapo. Na kilichonivutia zaidi ni kwamba zile kuta nyeupe, zilizokuwa zinaumiza dakika moja iliyopita, zikawa na sura ileile ya kwenye picha za mke. Rangi ilikuwa na kosa dogo. Kosa kubwa lilikuwa tundu lililo mbele yake.

Mtu akitaka ushahidi wa zamani aende Mikindani, mwendo wa kilomita 10 tu. Nyumba kongwe za mawe pale zina kuta nene za matumbawe zilizopakwa chokaa, nyeupe kama za Uswidi, na hakuna anayeumwa macho ndani yake. Madirisha ni madogo, kuta zina kina, mwanga unaingia kidogo kidogo, na chokaa haing'ai. Boma la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1895, nalo limejaa weupe, lakini kati ya jua na chumba kuna varanda na vivuli. Weupe ulikuwepo pwani hii kabla mtu yeyote hapa hajasikia habari za Skandinavia. Ulikuja na masharti yake, na kwenye nyumba ya Mangamba masharti hayo yaliachwa nje.

Basi dawa ya dirisha tuliianzia nje. Upenu peke yake hausaidii upande wa magharibi, kwa kuwa jua la saa 11 jioni liko chini, linapita chini ya paa lolote la urefu wa kawaida. Tulirefusha kibaraza kwa bati na kenchi nyepesi, kisha ukingoni mwake tukaning'iniza mapazia ya mianzi iliyopasuliwa, ya kukunja kwa kamba. Yanashushwa saa 8 mchana, yanapandishwa jua likizama. Upepo unapita, na mpita njia haoni ndani. Kwa ndani tukaweka pazia moja jepesi la merikani, ile pamba isiyopaushwa inayouzwa kwa bei ya kawaida dukani, bila kishada wala tabaka la pili. Mke alipoliona akasema hilo ndilo alilokuwa analitafuta Dar es Salaam kwa bei mara kadhaa.

Mume alipendekeza tupande mkorosho mbele ya dirisha, uzibe jua na uzae. Mkwe na mama mkwe wake kwa mara ya kwanza wakawa upande mmoja: mabibo yakidondoka kibarazani, maji yake yakishika nguo au saruji hayatoki. Ukapandwa mkungu.

Kuta za sebuleni zilirudiwa kwa rangi ya maji isiyong'aa, nyeupe iliyotiwa rangi ya udongo kidogo, kiasi kwamba ukiitazama peke yake utasema ni nyeupe, na ukiweka karatasi kando yake utaona tofauti. Dari tuliliacha jeupe. Chini, kimo cha mita moja kutoka sakafuni, tukapiga mkanda wa rangi ya udongo wenyewe. Nyumba nyingi za udongo vijijini huku zina mkanda wa namna hiyo, na sababu ni ileile: ndipo mikono ya watoto, migongo ya watu na matone ya mvua yanapofika. Picha za mke hazikuwa na mkanda. Alikubali baada ya kuuona ukuta wa barazani alama za vidole zilivyoupamba.

Usiku wao, huo tuuchukue

Hapa ndipo naachana na wanaosema mtindo huu haufai Tanzania. Unafaa, ila watu wanachukua nusu isiyo yetu.

Fikiria saa za giza. Helsinki mwezi Juni ina mwanga wa karibu saa 19 kwa siku, watu wanakula chakula cha usiku jua likiwaka. Mtwara jua linazama kati ya saa 12 jioni na kama saa 1 kasoro dakika 10, mwaka mzima, na likizama giza halichelewi. Familia ya Mangamba inakaa chini ya taa kuanzia saa 12 na nusu au saa 1 hadi saa 4 usiku, Januari hadi Desemba, bila likizo. Ndiyo saa pekee wote sita wako nyumbani. Hata hivyo fedha zote zilikuwa zimekwenda kwenye sura ya mchana, na usiku ukaachiwa taa za dari zilizochaguliwa kwa sababu zilikuwa na punguzo.

Kwenye boksi za taa hizo paliandikwa 6500K. Namba hiyo hupima rangi ya mwanga kwa kelvin, na hii ni rangi ya mwanga wa mchana wa mawingu, unaoelekea ubuluu. Ukiuwasha juu ya marumaru meupe na ukuta mweupe unapata hasa ile wodi aliyoisema Bibi. Watu wa kaskazini, ambao majira ya baridi giza linawakalia miezi, wamejifunza kinyume chake. Hawategemei taa moja kubwa ya katikati. Huweka taa ndogo kadhaa, chini, kila moja mahali pa kazi yake: ya mezani, ya pembeni mwa kiti, ya dirishani. Mwanga wao ni wa manjano, karibu na 2700K, rangi ya balbu za zamani za waya. Na balbu yenyewe haionekani. Poul Henningsen wa Denmaki alilishughulikia jambo hilo kuanzia katikati ya miaka ya 1920: alipanga vifuniko vitatu vya taa, kimoja juu ya kingine, kwa vipimo ambavyo mtu aliyekaa hawezi kuiona balbu, anaona tu mwanga uliokwisha kugonga kifuniko. Taa zake zinatengenezwa hadi leo, na bei yake ingemaliza msimu wa korosho.

Hatukuzihitaji. Sokoni Mtwara wanauza kawa, zile za kufunikia chakula, zilizosukwa kwa ukindu. Kawa ikitobolewa kileleni na kupitishwa waya inaning'inia vizuri juu ya meza, sentimita 60 hivi kutoka ubaoni, na kina chake kinaificha balbu kwa kila aliyekaa. Mwanga unashuka kwenye sahani, na kidogo unapenya kwenye matundu ya usukaji na kuchora ukutani. Sharti ni balbu ya LED, tena ndogo. Balbu ya waya inachemka na ukindu unashika moto. Tukatundika moja mezani, nyingine pembeni mwa kochi, na ya tatu kibarazani.

Mume hakupendezwa. "Mwanga wa njano ni wa baa," alisema, na ukweli ni kwamba amezungumza kwa niaba ya nusu ya mji. Kwa wengi hapa taa nyeupe kali ni maendeleo na taa ya njano ni gesti. Sikubishana. Tulikubaliana taa za dari zibaki na swichi yake, aziwashe anapotaka, na meza ya watoto ya kusomea ipate mwanga mweupe wa kiasi, 4000K, kwa sababu daftari linadai uwazi. Mke anasema siku hizi za dari zinawaka akija mgeni rasmi au kitu kikipotea.

Katika kazi yote hii ndiyo sehemu iliyogharimu kidogo zaidi, na ndiyo iliyobadilisha nyumba zaidi. Kama mtu ana fedha ya jambo moja tu, namwambia aanze na balbu.

Kitanda kilichokuwa stoo

Nilipoingia stoo kupima nafasi ya rafu, nikakikuta kitanda cha Bibi kimesimamishwa ukutani, nyuma ya magunia. Matendegu ya mkongo yaliyochongwa, viungo vya ulimi na tundu bila msumari hata mmoja, kamba za miyaa zilizosukwa kwa mpangilio wa mraba unaokutana katikati. Kamba zilikuwa zimelegea upande mmoja. Vinginevyo kizima.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nadhani ndipo kisa chote kilipo.

Samani za kaskazini ambazo ulimwengu unaziiga zilitokana na swali la kile kilichopo karibu. Alvar Aalto wa Ufini alitumia betula, mti wenye gome jeupe unaojaa kwenye misitu ya kwao, akabuni namna ya kuukunja mguu wa kiti. Stuli yake maarufu ya miguu mitatu ni ya mwaka 1933. Mbao ile ni nyeupe kwa kuwa betula ni nyeupe. Hans Wegner wa Denmaki mwaka 1949 alichora kiti chenye mgongo wa umbo la Y, ambacho leo kinaigizwa kila mahali, na kalio lake limesukwa kwa kamba ya karatasi ya urefu wa mita kama 120. Kwa nini karatasi? Kwa sababu wakati wa Vita Kuu ya Pili nyasi za kusukia viti ziliadimika Denmaki, wakageukia karatasi iliyosokotwa, na ilipoonekana inadumu wakaendelea nayo. Karatasi ilikuwa mbadala wa nyasi. Sisi nyasi zenyewe tunazo, na watu wanaojua kuzisuka wako hai, mmoja akiwa chumba cha pili. Kitanda chake kimesukumwa nyuma ya magunia ili kupisha kochi linalonata mgongoni mwezi wa Machi.

(Wafini, kwa kusema tu, si wageni huku. Wazee wa Mtwara na Lindi wanawakumbuka kwa miradi ya maji ya miaka ya 1970 na pampu zake za mkono, kisha kwa RIPS, programu ya maendeleo ya vijijini iliyodumu kuanzia 1988 hadi 2005. Walikaa muda wote huo, na kilichobaki vinywani ni pampu. Stuli ya Aalto haikumfikia mtu.)

Tukakubaliana na fundi seremala atengeneze benchi mbili zenye makalio ya kamba, moja ya sebuleni badala ya kiti kimoja cha seti, nyingine ya mlangoni. Swali la mbao lilituchukua muda. Mke alitaka nyeupe. Paini ya Mufindi ni nyeupe, bei yake nafuu, ila ni laini, na mchwa wa Mangamba hawaipi heshima. Kama imetiwa dawa inafaa rafu za juu, miguu ya benchi hapana. Mninga ni mzuri, lakini ni mwekundu, na bei yake imepanda. Tukaishia kwenye mtiki wa Rondo. Hauvimbi ovyo unyevu ukizidi, mchwa hawaupendi, na ukipigwa msasa vizuri bila kutiwa vanishi ya kung'aa unabaki na rangi ya asali nyepesi. Huko Denmaki samani nyeupe husuguliwa kwa sabuni ili zisigeuke njano. Kwa unyevu wa pwani hii sikuthubutu. Tulipaka mafuta membamba tu. Chini ya nyayo za benchi, pasipoonekana, fundi alipaka mafuta ya maganda ya korosho dhidi ya mchwa. Ni meusi na yanaunguza ngozi, kila mama aliyewahi kubangua korosho kwa mkono anayajua, kwa hiyo aliyapaka kwa brashi ndefu na watoto wakafukuzwa.

Kusuka ndiko kulikokwamisha. Fundi alijua msumari na gundi, kamba hakujua. Bibi akaomba aletewe mkeka uani, akaketi, na kwa siku chache akawa ndiye msimamizi: wajukuu wawili wanavuta, fundi anapitisha, yeye anafungua walichokosea. "Vuta kama unataka, siyo kama umetumwa." Kamba mpya za miyaa zililoweshwa kwanza ili zikikauka zikaze. Kitanda chake nacho kikasukwa upya, na mke mwenyewe ndiye aliyesema kirudi sebuleni, kikae chini ya dirisha mahali pa nusu ya lile kochi. Wageni wanakipigania. Bibi ametandika juu yake kanga nyekundu kali, na mke, aliyekuwa na orodha ya rangi tatu zinazoruhusiwa, amenyamaza.

Utupu unahitaji stoo

Picha za mke hazionyeshi gunia la mchele, mtungi wa gesi, ndoo za akiba ya maji, wala koleo. Katika nyumba za huko vitu hivyo, au vya kwao vinavyofanana navyo, viko ndani ya ukuta mzima wa makabati ambao mpiga picha ameupa kisogo. Nyumba ya Mangamba ilinunua utupu bila kununua pa kuficha, ikawa kila juma vitu vinarudi sebuleni kimoja kimoja. Tulitumia sehemu ya fedha kupandisha rafu za paini yenye dawa stoo nzima, sakafu hadi dari, magunia yakiinuliwa kutoka chini. Haipendezi kupigwa picha. Bila hiyo, sebule isingekaa safi hata siku mbili.

Zulia lilitolewa. Mahali pake pana mkeka wa ukindu usiotiwa rangi, wenye ukili mmoja tu mweusi, unaokunjwa asubuhi na kukung'utwa. Marumaru yamebaki, kuyang'oa ni gharama isiyo na maana, lakini vumbi limepungua kwa sababu ya benchi ya mlangoni: mtu anaketi, anavua viatu, anavisukuma chini yake, anatundika mkoba kwenye vigingi. Watu wa kaskazini huvua viatu mlangoni kama sisi. Tofauti ni kwamba wao wanajengea jambo hilo mahali pake, na sisi tunaacha viatu vijipange vyenyewe kizingitini.

Shokesi sikuweza kulitatua. Liliuzwa pamoja na sehemu ya vikombe, na vikombe vile vilikuwa zawadi za harusi kutoka kwa mawifi. Wifi mkubwa alipokuja kutoka Newala alikaa, akatazama ukuta, akauliza kikombe chake kiko wapi. Kwa mtazamo wa picha, vitu vilivyopangwa nyuma ya kioo ni vurugu. Kwa wifi vilikuwa orodha ya watu waliosimama na ndoa hii, imewekwa mahali pa kuonekana. Tulichimba vidaka vitatu ukutani, kwa namna ya zile nyumba za Mikindani, na vikombe vilivyobaki vimekaa humo. Cha wifi mkubwa hakimo. Hilo litazungumzwa kifamilia, na seremala hana zana yake.

Limebaki jiko. Kabati la chini ya sinki limeharibika na mawili ya jirani yake yameanza. MDF ikishanyonya maji hairudi. Fedha ya kulibomoa inangoja minada ya korosho ya Oktoba. Mpango ni kumwaga rafu za zege badala ya masanduku ya mbao, ziinuliwe sentimita 15 kutoka sakafuni ili deki lipite, kisha zifungwe milango ya mtiki kwa bawaba za shaba, maana hewa ya chumvi imeshazila za chuma. Milango hiyo mke anaitaka nyeupe, na mume ananipigia simu nimkataze. Jiko hilo lina dirisha moja dogo linalotazama kusini, jua haliligusi isipokuwa miezi ya karibu na Desemba, na ndani mwake saa 5 asubuhi tayari wanawasha taa. Nimemwambia mume kwamba mkewe yuko sahihi, aipake nyeupe.